Ripoti ya Mgongo wa Mwalimu Kasyupa

1

Mwaka ule Wilaya ya Rungwe ilipotangazwa kuwa imeshinda maumivu, Tusajigwe Mwakalinga alipewa cheti. Kilikuwa cheti cha heshima, chenye mhuri wa Baraza la Maumivu la Nyanda za Juu na picha ya jani la chai, nacho kilieleza kwamba kati ya wagonjwa wake arobaini na mmoja wa maumivu sugu, arobaini na mmoja walikuwa wanaendelea vizuri. Tusajigwe alikitundika mkabala na kiti cha wagonjwa, ili yeyote atakayethubutu kuumwa aone aibu mapema.

Asubuhi ya Jumanne, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama inavyonyesha siku zote, yaani bila kumwomba mtu ruhusa, mgonjwa wa kwanza alikuwa Mwalimu Bupe Kasyupa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa mwalimu wa nidhamu wa Shule ya Wasichana Ngwila. Kuna wanawake wenye vyeo vizito nchini, mmoja wao jaji, ambao hadi leo wakisikia jina lake huchomekea blauzi. Tusajigwe mwenyewe, tabibu mwenye miaka thelathini na tisa na funguo za kabati la mofini, alisimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwakalinga. Nywele hizo umezichana au umeziombea?"

"Nimezichana, Mwalimu."

"Basi zimekataa."

Mwalimu Kasyupa hakukaa. Alisema amekaa vya kutosha nyumbani, akabaki amesimama karibu na dirisha, mkono mmoja juu ya kizingiti. Kisanduku kilichokuwa mezani kikawaka taa ya kijani, na Bawabu akaanza kazi.

"Habari za asubuhi, Mwalimu Kasyupa. Umeamkaje?"

"Salama, mwanangu, namshukuru Mungu."

"Mgongo unaendeleaje?"

"Haujambo."

"Umelala vizuri?"

"Vizuri sana. Na wewe je?"

Bawabu, ambaye hakuwahi kulala hata dakika moja tangu aundwe, alijibu kwamba naye amelala vizuri. Alikuwa amefundishwa adabu.

"Maendeleo yanaridhisha," aliendelea. "Napendekeza dozi ya mofini ipunguzwe tena kwa sehemu moja ya kumi. Tabibu na mgonjwa wathibitishe."

Ilikuwa mara ya nane. Mara saba zilizotangulia Tusajigwe alithibitisha huku akipiga mluzi kimoyomoyo. Safari hii pia aliweka kidole chake, kisha akamsogezea Mwalimu karatasi asaini, kwa sababu sheria ilitaka saini ya mkono, si ya kidole, ili mgonjwa apate muda wa kufikiri.

Mwalimu Kasyupa alisaini, na Tusajigwe akaitazama ile saini.

Wasichana wote wa Ngwila waliujua mwandiko wa Mwalimu Kasyupa. Aliandika ubaoni bila kupiga mstari, na ukiweka rula chini ya maneno yake, rula ndiyo ilionekana imepinda. Lakini jina lililokuwa kwenye karatasi hii lilianza juu, likateremka, likajikusanya katikati kama mtu aliyechomwa mwiba, halafu likaishia nje ya mstari.

Tusajigwe aliondoa kidole chake, na Bawabu akalia kidogo kuonyesha kwamba hajafurahi.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Sijambo."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nimejibu kweli. Umenisalimia, nimeitikia. Unataka nikuitikie vibaya, kama sikulelewa?"

2

Hapa inafaa Bawabu aelezwe, kwa uzito unaomstahili.

Zamani za mama yake Tusajigwe kulikuwa na kliniki za aina mbili. Za kwanza zilitoa dawa za jamii ya mofini kama karanga za kuonjesha, na watu wakazikwa. Za pili ziliogopa za kwanza, zikakataa kutoa hata kwa mtu anayelia sakafuni, na watu wakaendelea kulia. Mabishano yalipochosha kila mtu, mafundi wakaunda Bawabu: kifungo kidogo kama cha shati, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, pamoja na kisanduku cha mezani cha kukisemea. Kifungo kilihesabu pumzi usiku na mchana, kikatoa dawa kidogo kidogo, na pumzi zikishuka chini ya kumi kwa dakika kilifunga lango mpaka zipande. Bawabu aliruhusiwa kupendekeza dozi ishuke. Kuipandisha hakuruhusiwa kabisa. Hilo lilikuwa la tabibu peke yake, baada ya kumtazama mgonjwa machoni.

Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ndogo kiasi kwamba ilitosha watu arobaini na mmoja.

Bawabu alifundishwa kwa mazungumzo ya wagonjwa wa mijini, watu wenye haraka, ambao ukiwauliza habari za mgongo wanakutajia mgongo. Hakuna aliyemwambia kwamba huku milimani mtu aliyelelewa vizuri, akiulizwa ameamkaje, huamka salama. Nyumba yake inaweza kuwa inaungua nyuma yake, ataamka salama. Ataulizia watoto wako, mvua, na ng'ombe. Halafu, salamu zikishaisha na watu wakishanyamaza kidogo, ndipo atasema: "Ila kuna moto kidogo pale kwangu."

Na Bawabu alikuwa akikata mazungumzo kabla ya hiyo "ila".

Tusajigwe aliligundua hilo akiwa amesimama katikati ya kliniki yake, mkabala na cheti chake, na masikio yakamwaka moto. Kwa miezi saba dozi ya Mwalimu ilikuwa imeshuka kutoka miligramu sitini kwa siku hadi ishirini na nane, na kila mara mama huyu alikuwa ametia saini kwa sababu tabibu alionekana ana furaha.

Lakini kuligundua hakukutosha. Alihitaji ukweli wenyewe, na mwenye ukweli alikuwa amefunga mdomo kwa kufuli la adabu. Akafikiri. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi tupu na kalamu nyekundu.

"Mwalimu, naomba msaada wa kikazi. Nina mwanafunzi mmoja simwelewi. Niandikie ripoti yake ya muhula."

"Mwanafunzi gani?"

"Anaitwa Mgongo."

Mwalimu Kasyupa alimtazama muda mrefu. Ni mtazamo uliowahi kumfanya kiranja mmoja akiri kosa la dada yake. Halafu akapokea kalamu nyekundu, na mara tu ilipogusa vidole vyake, adabu yote ikamtoka. Miaka thelathini na minne hakuwahi kumhurumia mtoto kwenye ripoti, na hakuanza siku hiyo.

Aliandika akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya kizingiti cha dirisha:

*Nidhamu: mbaya sana. Hupiga kelele tangu alfajiri. Hushawishi mguu wa kushoto nao upige kelele.*

*Mahudhurio: hakosi hata siku moja, ingawa hakuna aliyemwita.*

*Kuinama: sifuri. Viatu vyangu hufungwa na jirani.*

*Kukaa: dakika sita. Kanisani nimeacha kwenda tangu mwezi wa nne, watu wanadhani nimegombana na mchungaji.*

*Maoni ya jumla: alikuwa anaelekea kutulia, kisha tangu mwanzo wa mwaka ameharibika. Arudishwe kwa mzazi.*

Alirudisha kalamu.

"Miezi saba, Mwalimu," alisema Tusajigwe. "Ni mimi nilithibitisha. Nisamehe."

"Ulikuwa umefurahi sana na cheti chako," alisema Mwalimu Kasyupa. "Nikasema, acha mtoto afurahi."

3

Sasa ni lazima tueleze habari ya mbuzi, ingawa mwenyewe Tusajigwe angependa isielezwe.

Alipokuwa kidato cha tatu, bweni la Ngwila lilikuwa na mashine iliyoitwa Mhesabu, iliyohesabu pumzi za wasichana saa nne usiku ili kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Vitanda sitini, pumzi za watu sitini. Tusajigwe alisoma kwamba mbuzi akilala hupumua karibu sawa na binadamu. Kwa siku tatu mfululizo alimlaza mbuzi wa mpishi kitandani kwake, akamfunika mpaka shingoni, akaenda kwenye muziki mjini. Siku ya nne mbuzi alikula blanketi na nusu ya godoro, na mambo yakajulikana.

Bodi ya shule ilikusanyika kumfukuza. Mwalimu Kasyupa, aliyetarajiwa kushika fagio la kumfagilia nje, alisimama na kusema maneno machache. Alisema msichana aliyeweza kuidanganya mashine ya kuhesabu pumzi bila shaka anajua kitu kuhusu pumzi, na nchi ina watu wengi wanaokata pumzi. Aadhibiwe, afyeke uwanja wote wa mpira kwa mkono, halafu apelekwe maabara. Tusajigwe alifyeka wiki tano. Baadaye alisoma utabibu miaka sita. Hapakuwa na siku aliyovaa koti jeupe bila kukumbuka nani alimvalisha.

Kwa hiyo Mwalimu Kasyupa aliposogea karibu na meza na kushusha sauti, Tusajigwe alijua anaombwa kitu asichoweza kukataa.

"Mwakalinga. Huyu Bawabu nasikia ni ukoo mmoja na ile mashine ya bweni."

"Ni mjukuu wake, Mwalimu."

"Babu yake ulimweza."

"Mwalimu!"

"Nirudishie sitini zangu. Leo. Mbele ya Baraza sitasema neno, unajua mimi si mtu wa maneno." Alikuwa anatabasamu, lakini kwapani blauzi ilikuwa imelowa jasho la maumivu. "Jumapili nataka kwenda kanisani. Sijamwomba mwanafunzi kitu maisha yangu yote."

Na njia ilikuwepo. Ilichukua dakika nne. Bawabu hakuruhusu dozi ipandishwe zaidi ya hatua ndogo kwa mara moja, lakini mgonjwa aliyehamia kutoka kliniki nyingine aliingizwa na dozi aliyokuja nayo. Ungemfuta Mwalimu Kasyupa, ungemsajili upya kama amehamia leo, ungeandika sitini kutoka kwenye faili la zamani, na Bawabu angefungua lango kwa heshima zote. Tusajigwe alikuwa ameiona njia hiyo mwaka wa kwanza wa kazi, akaiweka akilini tu, kama watu wengine wanavyojua dirisha lisilofungwa vizuri.

Alikaa. Akafungua fomu ya aliyehamia. Vidole vyake viliandika haraka kuliko alivyotaka: jina, umri, tatizo ni pingili tatu za uti wa mgongo zilizopondeka baada ya kuanguka kwenye ngazi, si saratani, miaka kumi na miwili. Tiba nyingine: mazoezi, joto, vidonge vya kawaida, zimesaidia kidogo. Dozi: sitini. Ilibaki mistari miwili.

"Dawa nyingine unazotumia?" aliuliza kwa mazoea, kalamu hewani.

"Hakuna, mwanangu."

Lilikuja jepesi, kwa sauti ileile ya "salama". Tusajigwe aliinua macho. Alisukuma ripoti ya Mgongo mezani na kuweka kalamu nyekundu juu yake.

"Hukujaza sehemu ya Usingizi, Mwalimu."

Mvua ilipiga bati. Mwisho Mwalimu Kasyupa akaandika, kwa herufi ndogo ambazo mwanafunzi hutumia anapojua amekosa jibu:

*Usingizi: huletwa na vidonge vya Mama Ipyana. Kimoja kila usiku. Siku mbaya, viwili.*

Mama Ipyana alikuwa jirani, na vidonge vilikuwa vya usingizi, vile vizito vya zamani, vilivyobaki baada ya mumewe kufariki. Bawabu hakuvijua. Bawabu alijua dawa yake tu.

Tusajigwe alipiga hesabu. Mwili uliozoea ishirini na nane kwa sasa ulikuwa umeshasahau sitini. Ungerudishiwa sitini ghafla, na juu yake vidonge viwili vya usingizi, na usiku huo lango lingefungwa, lakini dawa iliyokwisha kupita haitoki kwa kufungiwa lango. Asubuhi mtu angemsalimia Mwalimu Kasyupa, na kwa mara ya kwanza Mwalimu asingeitikia.

Akafuta fomu yote.

"Siwezi, Mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Mwalimu Kasyupa alijinyoosha polepole kadri mgongo ulivyomruhusu. "Yaani mbuzi ulimlaza kitandani," alisema, "mbuzi! Ukamfunika na blanketi la serikali. Lakini mimi nikiomba, umekuwa mtu wa sheria."

"Mbuzi hakuwa anatumia vidonge vya Mama Ipyana."

"Usinijibu hivyo."

"Samahani, Mwalimu. Ila nitakujibu." Alisimama, maana maneno mengine hayasemwi umekaa mbele ya mwalimu wako. "Ulinitetea ili nijue pumzi. Sasa ninazijua. Nikikupa sitini leo, zinaweza kukatika. Nitakupandishia, nakuahidi, ila kidogo kidogo: thelathini na moja leo, siku tatu tunaangalia, halafu tunaongea. Vidonge vya usingizi navyo havitaachwa ghafla, vitakufanya utetemeke kama mtu wa degedege. Tutavikata robo robo, wiki baada ya wiki. Usiku mbili tatu za kwanza mtu alale chumba kimoja na wewe, awe na dawa ya kuamsha, ya kupuliza puani. Na mazoezi ya mguu yanarudi. Hutafika kanisani Jumapili hii. Nasikitika sana."

"Unanihurumia kwa kuniacha niumwe?"

"Ndiyo, Mwalimu. Siku chache tena. Na nitaandika barua kwa Baraza kwamba nimekosea kwa wagonjwa wote arobaini na mmoja."

Mwalimu Kasyupa alisaini thelathini na moja, akapokea chupa ya kupuliza na karatasi ya maelekezo, kisha akachukua mwavuli wake. Mlangoni alisimama, akiwa amempa mgongo, mgongo uleule mtundu.

"Mwakalinga, leo sijafurahishwa na wewe."

Alitoka bila kuaga. Kwa mtu wa malezi yake, hilo lilikuwa kama kuvunja dirisha.

4

Barua kwa Baraza iliandikwa siku hiyohiyo, na ilikuwa fupi. Tusajigwe alieleza kosa, akaeleza kwamba Bawabu hana hatia kwani hakuna aliyemfundisha kusubiri, akaomba upunguzaji wote wa wilaya usimamishwe hadi kila mgonjwa atazamwe upya na mtu mwenye macho. Alikiondoa cheti ukutani akakiambatanisha, kwa sababu nakala ya ushahidi ni jambo zuri.

Baraza lilijibu kesho yake kwa kumwita mzembe, kisha kesho kutwa kwa kumwomba afundishe wilaya nyingine tatu. Mafundi walitengeneza jambo moja dogo: baada ya salamu, Bawabu anyamaze. Asiulize, asipendekeze, asubiri tu. Walilalamika kwamba mashine inayokaa kimya dakika nzima itaonekana imeharibika. Tusajigwe aliwajibu kwamba itaonekana imelelewa.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alipanda kilima kwenda nyumbani kwa Mwalimu Kasyupa, akiwa na kisanduku begani. Mama Ipyana ndiye aliyefungua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, lakini siku hiyo hakucheka.

"Karibu, Daktari. Vidonge vyote nimevileta, viko kwenye kopo pale mezani. Sikujua, mwenzangu. Nilimwona halali, nikasema nimsaidie."

"Najua, mama. Kila mtu alikuwa anasaidia."

Mwalimu Kasyupa alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, mto katikati ya magoti kama alivyoelekezwa. Aliitikia shikamoo kwa ufupi. Tusajigwe aliweka kisanduku mezani na kufungua kumbukumbu za kifungo, usiku baada ya usiku, na mstari wa pumzi ukachorwa hewani, rangi ya kijani.

Usiku wa kwanza mstari ulienda kumi na nne, kumi na tatu. Saa saba ukaanza kuteremka. Kumi na moja. Kumi. Tisa. Pale palikuwa na alama nyekundu: lango limefungwa, kwa muda wa saa mbili nzima. Na mkono wa Mama Ipyana ulikuwepo pia kwenye kumbukumbu, kwa namna yake, kwani mstari uliruka ghafla juu pale alipomtikisa rafiki yake bega na kumwita jina.

"Nilimwita mara nne," Mama Ipyana alisema. "Chupa ya kupuliza nilikuwa nimeshaishika. Mara ya nne akanifokea. Sijawahi kufurahia kufokewa namna ile."

Mwalimu Kasyupa alitazama ile alama nyekundu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa wa nidhamu, na hesabu hii haikuhitaji ubao.

"Hii ni thelathini na moja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Na robo tatu ya kidonge."

"Na mimi nilikuwa nataka sitini. Na viwili."

Nje kuku alipita akilalamika kuhusu mvua. Mwalimu Kasyupa alinyoosha mkono, na Tusajigwe akaupokea kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa zamani.

"Ndaga, mwanangu," alisema mwalimu. Alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu kuna shukrani ambazo Kiswahili cha darasani hakizitoshi. Kisha akaongeza, akirudi kwenye cheo chake: "Hilo halikuondolei kosa la miezi saba. Mama Ipyana, mpe huyu chai, amekonda. Halafu nitampa habari za mgongo, na asithubutu kuondoka kabla sijamaliza."

Alichukua dakika ishirini na tano kumaliza. Bawabu alikaa kimya muda wote, taa yake ya kijani ikiwaka pale mezani.

5

Miezi minne ilipita. Vidonge vya Mama Ipyana vilikatwa robo, kisha nusu ya robo, hadi kopo likawekewa chumvi. Dozi ilipanda hatua nne, kila hatua ikisubiriwa kama matokeo ya mtihani wa taifa. Wengi wa wale arobaini walikuwa na "ila" zao, nyingine ndogo, nyingine za kutisha. Saba waligundulika hawakuwa wanahitaji dawa zaidi bali mtu wa kuwafundisha kutembea upya. Wawili walikuwa wazima kweli, wakaona haya kidogo.

Mwalimu Kasyupa alikuja kliniki Alhamisi moja, akakaa kwenye kiti. Alikaa dakika kumi na tisa. Tusajigwe alihesabu kwa siri.

"Uko arobaini, Mwalimu, na pumzi zako ni nzuri. Ripoti yako ya leo inasema Mgongo amepata arobaini na tano kwa mia. Nikipandisha hatua moja, huenda akafika hamsini. Naona hatari yake ni ndogo. Uamuzi ni wako."

Mwalimu Kasyupa alifikiri. Alifikiri kweli, macho dirishani, vidole vikigonga goti.

"Usipandishe," alisema.

"Una uhakika?"

"Nikuambie kitu. Ile miaka miwili niliyokuwa sitini, mgongo ulinyamaza, ni kweli. Lakini jana nilikuwa naitafuta Krismasi ya mwaka ule kichwani, siioni. Pasaka, siioni. Mjukuu wangu alibatizwa, naambiwa nilikuwepo, nilishika mshumaa. Nilidhani ni uzee. Si uzee, Mwakalinga. Mgongo ulinyamaza, na mimi nikanyamaza naye." Alivuta kitenge chake vizuri. "Hapa arobaini nausikia. Ila nasikia na mvua. Nasikia sauti ya pili ya kwaya wanavyoharibu wimbo. Niache hapa."

Tusajigwe aliandika: *Dozi haikuongezwa, kwa uamuzi wa mgonjwa.* Alipomaliza aliona herufi zake zimeloa, ikabidi ageukie kabati kana kwamba anatafuta kitu.

"Usilowanishe faili la umma," alisema Mwalimu Kasyupa, bila ukali wowote. "Jumapili tunaimba. Njoo usikilize, uone jinsi watu wasivyo na huruma."

Tusajigwe alikwenda, akakaa benchi la nyuma kabisa. Sauti ya pili ilikuwa mbaya kweli, mbaya kupita maelezo. Mwalimu Kasyupa aliimba ubeti wa kwanza amesimama. Kwenye ubeti wa pili mgongo ulimkamata, na mbele ya kanisa zima, watu wote wakimwona, alikunja uso, akasema "aah" kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeumwa, akakaa. Hakuna aliyeshtuka. Jirani yake wa kwaya alimsogezea mto, na wimbo ukaendelea. Ubeti wa mwisho alisimama tena.

Tusajigwe alipiga makofi kabla wimbo haujaisha. Kanisa zima likageuka kumtazama, mchungaji akiwemo, naye akaendelea kupiga.